Gugu la ziwani si gugu la mtaroni

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, kijana mmoja wa mtaa wetu ulio mlimani jijini Mwanza, upande wa Mabatini, alikuwa akikwangua kwa jembe ukingo wa mtaro unaoteremka kati ya miamba. Mama mmoja mtu mzima alipomwomba aubakize walau mgagani uliokuwa umeanza kutoa maua, kijana alisimama, akamwamkia, kisha akamjibu kwa upole: "Mama, haya ndiyo yale yale magugu yanayoziba ziwa." Mama hakubishana naye. Aliinama, akauchuma mgagani jani kwa jani kabla jembe halijaufikia, akauweka kwenye upindo wa khanga, akaenda zake.

Jibu la kijana yule nimelisikia tena na tena tangu siku hiyo, hata kwa watu waliosoma kumzidi yeye na kunizidi mimi, na wala halikuzuka tu. Mwaka 2025, kabla Daraja la JPM (John Pombe Magufuli) halijafunguliwa mwezi Juni, mimea inayoelea ilitanda katika maji ya Ziwa Victoria kati ya Kigongo na Busisi hadi vivuko vikapata taabu ya kupita, na redio, magazeti na mazungumzo ya kwenye daladala yakajaa maneno "magugu" na "magugu vamizi". Neno linapotumika mno namna hiyo huanza kuzoa kila kilicho karibu nalo, na ndivyo mmea wa ziwani na mmea wa ukingo wa mtaro ulivyojikuta katika kesi moja, ingawa havina undugu, havina makao ya pamoja na havina kosa linalofanana.

Tuanze basi na neno lenyewe. Gugu si aina ya mmea, bali ni hukumu anayoitoa mtu juu ya mmea ulioota mahali asipoutaka. Mtama ni chakula, lakini ukijiotea katikati ya pamba, mkulima wa Misungwi au Kwimba ataung'oa kama gugu na hatakuwa amekosea. Mmea pori ni ule unaojiotea wenyewe bila kupandwa wala kutunzwa na mtu, uwe unatakiwa au hautakiwi. Mmea mgeni ni ule ulioletwa kutoka nchi nyingine, na hapa inafaa tukumbuke kwamba mahindi na mihogo ni wageni kutoka bara la Amerika. Mmea vamizi ni mgeni ambaye, baada ya kufika, huenea kwa kasi, husukuma wenyeji pembeni na kuleta madhara.

Kwa mtu wa Mwanza mfano ulio karibu zaidi ni sangara. Samaki huyu hakuwa wa Ziwa Victoria. Aliingizwa kuanzia miaka ya 1950, akaongezeka, akachangia kutoweka kwa aina nyingi mno za furu, samaki wadogo wenyeji wa ziwa hilo, na kwa kipimo cha wanasayansi ni mvamizi kamili. Hata hivyo, hutamkuta mtu pale Kirumba mwaloni atakayekuambia kwamba sangara ni uchafu wa ziwa, kwa sababu minofu yake imejenga nyumba na kusomesha watoto. Kuitwa mgeni, kuitwa mvamizi na kuitwa kisichofaa ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina swali lake.

Gugu maji, lile lenye majani ya mviringo yaliyovimba mashina na maua ya zambarau, ni mgeni na pia ni mvamizi. Asili yake ni Amerika Kusini, lilisambazwa duniani kama pambo la mabwawa kwa sababu ya uzuri wa maua yake, na likaonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Halikuwakuta huku wadudu wanaolila kwao, likatanda kama zulia, hadi katika miaka ya 1990 wakaachiliwa mbawakawa wadogo wa jenasi ya Neochetina ambao walilipunguza sana, ingawa hawakulimaliza. Gugu hili huelea. Chakula chake chote hukichota katika maji kwa mizizi inayoning'inia, na katika ufa wa ngazi za Mabatini haliwezi kuishi hata ukilibembeleza.

Mgagani, kwa upande wake, ni mwenyeji wa Afrika, huota kwenye udongo mkavu uliochokonolewa, na kwa Wasukuma ni mboga yenye heshima, hupikwa kwa maziwa au kwa karanga na hukaushwa ili uliwe kiangazi. Kwa kipimo cha kijana wetu ni gugu, kwa kipimo cha mama yule ni kitoweo, na kwa kipimo chochote kile hauwezi kuwa mvamizi.

Baada ya siku ile nilifanya jambo ambalo majirani wamelicheka hadi leo. Nilichukua kigoda nikakaa mbele ya ufa mmoja, ulio kati ya ukuta wa nyumba na zege la mtaro, wenye urefu wa hatua sita hivi, nikahesabu vilivyoota. Kulikuwa na ukoka, ambao kila mtu anaujua. Kulikuwa na nyasi fupi, ngumu, yenye vishada vilivyotawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa, ambayo wataalamu huiita Eleusine indica, na hiyo ni ndugu wa karibu wa ulezi tunaounywa uji asubuhi. Ukiiweka kando ya suke la ulezi utaona sura ya ukoo mara moja. Kulikuwa na mchicha miiba, mziwaziwa unaotoa utomvu mweupe ukiukata, mbigili iliyotambaa, na kishona nguo ambacho kilikwisha kunasa kwenye suruali yangu kabla sijakaa vizuri. Chini ya vyote, umelala juu ya zege lenye joto la kuunguza, ulikuwapo mmea mnene wenye majani madogo ya nyamanyama na mashina mekundu, ambao watu wa Pwani, kwa sababu wanazozijua wao, wameuita tako la Hasani.

Mmea huo unastahili tuutazame kwa karibu. Kila mmea hujipatia chakula kwa kuvuta hewa ya kaboni dayoksaidi kupitia vitundu vidogo sana vya majani, na tatizo ni kwamba vitundu hivyo vikifunguka mchana wa jua kali, maji ya mmea nayo hutoka kama mvuke. Tako la Hasani, ukame ukilibana, hufunga vitundu mchana na kuvifungua usiku wakati hewa imepoa, likahifadhi kaboni hiyo katika umbo la tindikali, kisha mchana likaitumia kutengenezea chakula huku milango imefungwa. Ni kama mama lishe anayechambua mchele na kuloweka maharage usiku ili kesho, jua likiwa utosini, asilazimike kutoka kwenda sokoni. Ndiyo maana, wakati wa ukame, jani lake la alfajiri lina uchachu kuliko jani la jioni, kwa sababu jioni akiba ya tindikali imekwisha kutumika. Mimea yenye uwezo wa kuchanganya mbinu hiyo na ile ya mahindi na miwa, ambayo hufanya kazi kwa kasi katika jua, ni michache mno duniani, na mmoja wao tunaukanyaga kila siku tukienda kupanda daladala.

Swali linalofuata ni la watu wa usafi: kwa nini vitu hivi havikomi, hata tukivikwangua kila mwezi? Udongo ni kibubu cha mbegu. Kila mwaka mimea ya aina hii hudondosha mbegu nyingi, mche mmoja wa mchicha pori ukitoa maelfu kwa maelfu, na sehemu kubwa haioti papo hapo bali hufukiwa na kusubiri, nyingine kwa miaka. Mbegu nyingi kati ya hizo ni ndogo kama chembe ya mchanga na huhitaji kuguswa na mwanga ndipo ziamke. Sasa anayekwangua kwa jembe anafanya nini? Anauondoa mmea uliokuwa ukizitilia kivuli, kisha anaugeuza udongo na kuzileta juu zile zilizokuwa gizani. Ameondoa alichokiona na kuvunja kibubu asichokiona. Baada ya mvua mbili, mahali pale panakuwa kijani kuliko mwanzo, na lawama humwendea mwenyekiti wa mtaa kwamba watu wake ni wavivu.

Isitoshe, mimea hiyo ya kwanza ina desturi ya machinga. Kiwanja kikifunguliwa leo, wa kwanza kufika ni yule mwenye mzigo mwepesi anayeweza kutandika turubai na kuondoka, baadaye hufuata mwenye kibanda, na mwisho mwenye duka la matofali. Katika udongo ulio wazi hutangulia mchicha pori, kishona nguo na wenzao, ambao huota, huzaa na kufa ndani ya msimu mmoja. Wakiachwa hufuata nyasi za kudumu kama ukoka, kisha vichaka, kisha miti. Kukwangua kila mwezi ni kurudisha kiwanja siku ya kwanza, hivyo wanaobaki daima ni wale wale wa turubai.

Hapa tunafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwanza imejengwa juu ya vilima vya miamba ya matale ambavyo udongo wake ni mwembamba, na maelfu ya nyumba zimeshikilia miteremko ile kwa ngazi za mawe na vichochoro. Mvua kubwa inaponyesha, tone huupiga udongo mtupu kama nyundo ndogo, huulegeza, na maji yanayoteremka huubeba. Penye ukoka au hata kishona nguo tone huangukia jani kwanza, maji hupunguzwa mwendo na mashina, na mizizi hushika kilichobaki. Penye udongo uliokwanguliwa ukawa mweupe kama sakafu, hakuna cha kulizuia. Simama darajani juu ya Mto Mirongo mara baada ya mvua utazame rangi ya maji: ule ni udongo wa vilimani, pamoja na taka na maji ya vyooni, vikienda ziwani bila kusimama.

Udongo huo hauendi mikono mitupu. Hubeba fosforasi na naitrojeni, virutubisho vile vile ambavyo mkulima hununua dukani kama mbolea, na ndivyo hasa vinavyotafutwa na gugu maji kwa mizizi yake inayoning'inia. Sisemi kwamba ukingo wa mtaro wa Mabatini ndio ulioziba Kigongo, kwani mbolea inayoingia ziwani hutoka mashambani, kwenye maji machafu ya miji yote inayolizunguka na hata angani, pamoja na vumbi na majivu ya moto wa misituni. Lakini kijana yule aliyedhani anaondoa gugu la ziwani kwa kukwangua mteremko alikuwa, kwa kiasi chake kidogo, akilipelekea chakula.

Kazi nyingine za mimea hii nitazipitia kwa haraka. Hupoza joto kwa namna ile ile ambayo mtungi hupoza maji, yaani kwa unyevu unaotoka na kukauka juu yake, na katika jiji la mabati na mawe yanayohifadhi joto hadi usiku hilo si dogo. Maua ya kishona nguo hulisha nyuki na vipepeo wakati miti mingi haina ua. Ndege wadogo hula mbegu za nyasi.

Yapo pia maneno yanayorudiwa bila kuchunguzwa, na la kwanza ni kwamba majani huzaa mbu wa malaria. Mbu hazaliwi kwenye majani, bali hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama, na yule wa malaria hupenda sana vidimbwi vidogo vilivyo wazi juani, kama vile alama za magurudumu, mashimo ya kuchimba udongo na nyayo za ng'ombe. Mbu aliyekwisha kukua anaweza kujibanza kivulini kwenye majani mchana, hilo ni kweli, lakini anayefyeka nyasi zote na kuacha shimo lenye maji amefukuza mgeni na kumwachia kitanda. La pili ni nyoka. Nyasi ndefu humficha nyoka, na karibu na nyumba zinafaa kufupishwa, ila kinachomleta ni panya, na panya huletwa na mabaki ya chakula. Ukoka wa urefu wa kifundo cha mguu haufichi nyoka.

La tatu ni la upande wa pili, la watu wanaopenda mimea kupita kiasi, kwamba kila cha porini ni dawa au ni chakula salama. Si hivyo. Lipo ua la waridi lenye petali tano, Catharanthus roseus, lenye asili ya Madagaska, linalojiotea kwenye nyufa za kuta za miji yetu, na kutokana nalo zilipatikana vinblastini na vinkristini, dawa zinazotumika hadi leo kutibu saratani, zikiwamo saratani za damu za watoto. Habari hiyo ni ya kweli, lakini hitimisho la wengi, kwamba basi tuchemshe majani tunywe, ni la hatari, kwa sababu kinachoingia kwenye mshipa wa mgonjwa hospitalini ni kiasi kidogo sana kilichochujwa na kupimwa, huku majani yenyewe yana sumu. Na mgagani au mchicha ulioota kando ya mtaro wa maji machafu, au kando ya barabara ambako udongo umepokea madini ya risasi yaliyokuwa katika petroli ya zamani kwa miongo kadhaa, hunyonya pia visivyotakiwa. Mama yule wa Mabatini alichuma juu ya mteremko, mbali na maji ya vyoo. Ningemwona akichuma kando ya Mirongo ningemzuia kwa adabu.

Tena ipo mimea ambayo sina la kuitetea mbele za nyumba. Mnyonyo, ule wenye majani kama kiganja kikubwa unaopenda sana kingo za mito na majalala, hutoa mafuta yanayojulikana, lakini mbegu zake zenye madoadoa mazuri, ambazo watoto huzipenda kuchezea, zina sumu kali iitwayo risini. Mnanaha, wenye ua refu jeupe kama tarumbeta na tunda la miiba, una sumu kila sehemu na humchanganya mtu akili. Gugu karoti, lenye majani yaliyochanika kama ya karoti na vichwa vidogo vyeupe, ni mvamizi kutoka Amerika aliyekwisha kusumbua watu wa Arusha kwa miwasho ya ngozi na shida ya kupumua, na akionekana aondolewe mapema, mtu akiwa amevaa glavu. Mti wa jamii ya mkuyu ukichipua kwenye ufa wa ukuta kutokana na kinyesi cha ndege, ung'oe ungali na majani mawili, kwa maana mzizi wake hauna huruma na saruji. Utamu wa kuujua mmea kwa jina ni huo, kwamba unajua wa kuachwa na wa kuondolewa. Hata katika ule mfano wa ngano na magugu unaosomwa kanisani, watumwa walikatazwa kung'oa kwa sababu wangeng'oa na ngano pamoja nayo. Ukisoma kwa jicho la mkulima, tatizo lao lilikuwa kutotambua.

Katika suala hilo la kutambua, Wafaransa wamefanya jambo jepesi ambalo ningependa tuliige. Mwaka 2017 sheria yao ilipiga marufuku kupuliza viuatilifu katika maeneo mengi ya umma, na mitaa ikaanza kuota. Huko Toulouse, mtaalamu wa mimea wa jumba la makumbusho ya historia ya asili, Boris Presseq, akawa anatembea na chaki na kuandika jina la kila mmea kwenye lami kando yake, ili mpita njia ajue anachokipita. Picha zake zilienea, na Sophie Leguil, mtaalamu wa mimea aliyeanzisha kampeni ya namna hiyo jijini London, aliomba kibali kwanza kwa kuwa Uingereza kuandika njiani bila ruhusa ni kosa. Sisi hatuna njia za waenda kwa miguu za kutosha, lakini mawe ya kuandikia tunayo kuliko mji wowote nchini, na tumekwisha kuyazoea yakiwa na matangazo ya rangi.

Ugumu wetu utakuwa jina lipi liandikwe. Mbigili kwa Kiswahili ni jina la mimea miwili isiyo na undugu, yote ikichoma mguu na kutoboa tairi la baiskeli. Mmea mmoja una jina la Kisukuma, la Kikerewe na la Kihaya, na mtaa mmoja wa Igogo una wenyeji wa lugha zote hizo. Ningeandika yote, na la kitaalamu chini yake, maana hilo ndilo pekee lisilobadilika ukivuka ziwa kwenda Kisumu au Entebbe.

Kuhusu usafi wenyewe, sikusudii mtu aache majani yamfike magotini. Ndani ya mtaro pawe peupe, ili maji yapite. Kwenye makutano ya barabara ambapo dereva wa bajaji anapaswa kumwona mtoto anayevuka, yafyekwe yawe mafupi. Kwenye mteremko wenye udongo, fyekeo lipite juu, kimo cha kifundo cha mguu, na jembe libaki nyumbani.

Kijana yule nilimweleza hayo Jumamosi iliyofuata, kwa ufupi kuliko hapa, naye akakubali tujaribu: upande wa juu wa ngazi akafyeka, upande wa chini akakwangua kama kawaida. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Wiki tatu baadaye upande wa chini ulikuwa na vijifereji viwili vipya, vya kina cha kidole, na kati yake mchicha miiba umesimama mwembamba, mwingi, kama miche ya kitaluni. Upande wa juu ukoka ulikuwa umeshikana, na pembeni mwa jiwe, mahali pale pale, mgagani ulikuwa umechipua tena. Mama alikuwa amekwisha kupita, kwa sababu majani ya chini hayakuwapo.